Mishikio ya Joto kwa Pikipiki za Nyanda za Baridi

Mishikio ya joto ni mipira ya kushikia usukani wa pikipiki ambayo ndani yake umepitishwa waya mwembamba au utando wa kaboni unaopata moto umeme unapopita. Huvuta umeme kutoka kwenye betri ya pikipiki yenyewe, huwashwa kwa swichi ndogo iliyofungwa karibu na mkono, na kazi yake ni moja tu: kuzuia vidole visife ganzi. Ulaya, ambako wapo wanaoendesha hata majira ya baridi, pikipiki nyingi kubwa huuzwa zikiwa nayo tayari. Afrika Mashariki bado haijazoeleka, na anayeisikia kwa mara ya kwanza akiwa Tanga au Mombasa ana haki ya kucheka. Aliyezaliwa Makete hacheki.

Mwezi wa Juni na Julai, alfajiri ya Kitulo huwa na umande ulioganda juu ya majani. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dereva wa bodaboda anayewahi abiria wa basi la asubuhi hushika usukani kwa mikono iliyokunjwa ndani ya mikono ya koti. Hali ni hiyo hiyo Limuru, Kinangop na Nyahururu, na pia Timboroa, mahali ambapo barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hupanda kupita mita 2,700. Kipimajoto peke yake hakielezi mateso hayo. Kwa kanuni ya upepo na baridi inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, hewa ya nyuzi 5 za Selsiasi ikikutana na mwendo wa kilomita 60 kwa saa huipokonya ngozi iliyo wazi joto kwa kasi ya hewa tulivu ya nyuzi 2 chini ya sifuri.

Mwili nao una hesabu zake. Kifua kikianza kupoa, mishipa ya damu ya vidoleni hujibana ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ini. Vidole huachwa vijitafutie, na kidole kisicho na damu ya kutosha huchelewa kubana breki na klachi. Ndiyo maana mikono huweza kuganda hata ndani ya glavu nzuri, ikiwa koti ni jepesi. Kabla ya kununua kitu chochote cha umeme, kifua kifunikwe. Gazeti lililokunjwa chini ya koti ni dawa ya zamani ya waendesha pikipiki, na bado inafanya kazi.

Jambo la pili linalofaa kusemwa mapema, hata kama litawaudhi wauzaji, ni kwamba mshikio wa joto hupasha kiganja, ilhali upepo hupiga mgongo wa mkono. Ile mifuko mikubwa ya ngozi au turubai inayofungwa juu ya usukani, ambayo mkono huingizwa ndani yake, huzuia upepo kabisa, haili umeme, na bei yake ni ndogo. Kwa fedha ileile, mifuko huleta nafuu kubwa kuliko mishikio. Vikiwekwa pamoja, ndipo mambo huwa mazuri hasa, maana joto la mshikio halipeperushwi, na hata swichi ikiwekwa kwenye kiwango cha chini inatosha. Mwenye fedha za kitu kimoja tu aanze na mifuko.

Swali linalofuata halihusu mishikio bali pikipiki. Je, ina umeme wa kutoa?

Pikipiki huzalisha umeme kwa koili za magneto zinazozungushiwa sumaku na injini. Umeme huo hupitia rektifaya, ambayo huugeuza kuwa wa mkondo mmoja na kuudhibiti usizidi volti 14 na kidogo, kisha huingia kwenye betri. BMW R 1200 GS ya mwaka 2010 ilikuwa na jenereta ya wati 720. Juu yake mishikio ya joto ni mzigo usioonekana. Boxer ya Bajaj au HLX ya TVS ni habari nyingine. Pikipiki za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 huzalisha sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na taa ya mbele peke yake hula wati 35. Ongeza taa ya nyuma, taa ya breki, viashiria, honi, mfumo wa kuwasha plagi, na redio ambayo vijana wengi hawawezi kuendesha bila nayo. Kinachobaki ndicho mishikio itakachogombania.

Seti nyingi za bei nafuu hula kati ya wati 25 na 50 kwa mikono yote miwili zikiwa kwenye kiwango cha juu. Wati 36 kwa volti 12 ni ampea 3. Betri ya 5Ah ikiachwa iulishe mzigo huo peke yake, injini ikiwa imezimwa, kwa hesabu ya karatasi itaisha ndani ya saa moja na dakika 40. Kwa hali halisi itashindwa kupiga stata mapema zaidi, hasa asubuhi ya baridi, ambapo betri yoyote huwa mvivu.

Kuna mtego mwingine kwenye pikipiki ndogo za zamani na zile za kupiga teke. Baadhi huwasha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye magneto, bila kupitia betri, na koili inayochaji betri huwa ndogo sana. Dalili yake ni rahisi: taa ya mbele haiwaki injini ikiwa imezimwa, na injini ikiwaka mwanga hupanda na kushuka kufuata mafuta. Pikipiki ya namna hiyo haifai kufungwa mishikio ya joto mpaka mfumo wake wa kuchaji ubadilishwe, kazi ambayo hugharimu kuliko mishikio yenyewe.

Kwa pikipiki nyingine kuna jaribio ambalo fundi yeyote mwenye multimita anaweza kulifanya kabla mteja hajatoa hata shilingi. Huchukuliwa balbu ya taa ya mbele ya wati 35, iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine, nayo huunganishwa kwa muda kwenye betri kana kwamba ndiyo mishikio. Injini huwashwa na kushikiliwa kwenye mzunguko wa safari ya kawaida, taa ikiwa imewashwa, na multimita ikisoma volti kwenye vichwa vya betri. Volti ikisimama juu ya 13 kwa dakika kadhaa, umeme unatosha. Ikiwa inateremka polepole kuelekea 12.5 na chini yake, betri ndiyo inayobeba mzigo, na siku haitapita kabla ya dereva kuanza kusukuma pikipiki. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila mafuta kuvutwa, volti itashuka kwenye karibu kila pikipiki ndogo. Hilo ni la kawaida na sababu tosha ya kuzima mishikio kwenye foleni na kijiweni. Balbu hiyo isiguswe kwa mkono mtupu, kwani hupata moto mkali upesi.

Pikipiki ikikosa wati chache tu, taa ya mbele inaweza kubadilishwa kuwa ya LED yenye wati 10 hadi 15. Akiba ya wati 20 inayopatikana hapo ni zaidi ya nusu ya chakula cha mishikio. Kwa pikipiki za umeme zinazoongezeka Nairobi na Kigali, hesabu hugeuka: nguvu haikosekani, na saa nzima ya mishikio ya wati 36 hupunguza safari kwa takriban kilomita moja. Tatizo lake ni kwamba betri kuu huwa na volti 48 au 72, ambazo zingeunguza mishikio ya volti 12 mara moja. Umeme uchukuliwe kwenye kipunguza volti kinacholisha taa, ikiwa kina nafasi, na betri kuu, ikiwa ni ya kukodi, isifunguliwe kamwe.

Sokoni kuna aina tatu. Ya kwanza ni mishikio kamili, ambayo huondoa ile ya zamani na kuchukua nafasi yake. Kampuni ya Oxford ya Uingereza na Koso ya Taiwan ni miongoni mwa majina yanayojulikana, na nyuma yao kuna msururu wa seti za Kichina zisizo na jina. Ya pili ni utando mwembamba unaobandikwa chini ya mshikio wa kawaida. Ya tatu ni kitambaa chenye waya kinachozungushwa juu ya mshikio na kufungwa kwa kamba au mkanda wa nailoni wa kunata.

Kitambaa ndicho rahisi kuliko vyote na ndicho kibaya kuliko vyote. Huteleza. Mkono wa kulia unapogeuza mafuta, kitambaa hugeuka na mshikio hubaki palepale, au mshikio hugeuka na kitambaa hubaki. Vyovyote vile, dereva hana tena uhakika wa anachokishika. Kikilowa mvua huwa kizito na baridi. Kinafaa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka, na hata huyo afikirie tena.

Utando wa chini ni nafuu na mzuri kwa anayependa mishikio yake ya zamani, ila una kasoro moja inayowashangaza wengi: mkono wa kushoto huwa baridi kuliko wa kulia. Kulia, utando hukaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka, na plastiki haipitishi joto kirahisi. Kushoto hukaa juu ya chuma cha usukani, nacho hunyonya joto na kulitawanya hewani. Tiba ni kuukinga usukani kwanza kwa mpira mwembamba wa kusinyaa kwa moto kabla ya kubandika utando. Watengenezaji makini huweka utando wenye wati nyingi zaidi upande wa kushoto, hivyo pande mbili zisibadilishwe.

Mishikio kamili ndiyo chaguo la wengi. Kipimo cha kwanza ni unene wa usukani. Pikipiki nyingi za kazi zina usukani wa milimita 22, na pikipiki kadhaa za Kimarekani zina milimita 25.4. Mshikio wa kulia wa seti huwa na tundu pana kuliko wa kushoto, kwa sababu huvaa juu ya lile bomba la plastiki. Urefu nao uangaliwe, kwani mshikio mrefu kupita kiasi husukuma swichi za taa na breki mahali ambapo vidole havifiki.

Maneno ya kwenye boksi hayana uzito. Multimita ndiyo ya kuaminiwa, na muuzaji anayekataa kipimo ajibiwe kwa kuachiwa bidhaa yake. Kila mshikio ukipimwa ukinzani na kusoma omu 8, mishikio miwili iliyounganishwa sambamba huwa na omu 4. Volti 12 zikizidishwa kwa 12 na kugawanywa kwa 4 hutoa wati 36. Injini ikiwaka na volti kupanda hadi 14, mishikio ileile hula wati 49, yaani ampea 3.5. Mishikio haikubadilika, ni volti zilizoongezeka. Mishikio miwili ya seti moja ikitofautiana sana na maelezo ya seti hayasemi lolote kuhusu tofauti hiyo, mmoja una kasoro. Wakati wa kupima, waya utikiswe pale unapotokea kwenye mpira. Namba zikiyumba, waya umeshaanza kukatika ukiwa dukani.

Swichi ndiyo inayotenganisha nafuu ya busara na nafuu ya hasara. Zipo zinazoteremsha joto kwa kupitisha umeme kwenye kizuizi cha kauri: mkono hupoa, lakini sehemu ya umeme huunguzwa bure kwenye kauri, nayo hupata moto wa kuyeyusha plastiki iliyo karibu. Zipo zinazobadilisha muungano: kwenye kiwango cha juu mishikio huwa sambamba, kwenye cha chini hufuatana, na hapo mzigo hushuka hadi robo, wati 9 badala ya 36. Zilizo bora hukata na kuwasha umeme kwa kasi, zina viwango vitatu hadi vitano, na baadhi hujizima zenyewe volti ya betri ikishuka. Kwa pikipiki ndogo, uwezo huo wa kujizima una thamani kuliko rangi zote za taa zinazomulika kwenye swichi.

Kufunga huanza kwa kuunganisha seti mezani kwenye betri na kuhakikisha pande zote mbili zinapata joto, maana mshikio uliokwisha kugandishwa kwa gundi hautoki mzima. Kisha mipira ya zamani hutolewa. Bisibisi nyembamba huingizwa chini yake, spiriti au maji ya sabuni hudondoshewa, na mpira huzungushwa mpaka uachie. Usiotakiwa tena hukatwa kwa wembe, kwa uangalifu ili bomba la plastiki lisichanwe. Bomba hilo mara nyingi lina matuta yaliyoushikilia mpira wa zamani. Hupunguzwa kwa tupa na msasa mpaka mshikio mpya uingie kwa kubana. Nyundo haina kazi hapa. Mshikio ukigongwa, waya wa ndani hukatika.

Hatua inayofuata hufanywa bila gundi, na haifai kuharakishwa. Mshikio wa mafuta huzunguka karibu robo ya duara, na waya wake huzunguka nao. Huvalishwa, huzungushwa mpaka mwisho, na huangaliwa kama waya unagonga kikono cha breki, swichi au mkono wa kioo. Waya uwe na ulegevu wa kutosha, ufuate njia ya kebo ya mafuta, na ufungwe mbali kidogo na mshikio ili kujipinda kugawanyike kwenye urefu badala ya kukusanyika sehemu moja. Ikiwa mwisho wa usukani una kizito cha chuma, nafasi ya milimita 2 iachwe kati yake na mshikio. Ndipo gundi inayostahimili joto hupakwa, na kazi huachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Gundi ikikauka, mafuta huvutwa na kuachiliwa: mshikio lazima urudi wenyewe kwa kishindo. Jaribio hurudiwa usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Mwishowe injini huwashwa na usukani huzungushwa pande zote. Mlio ukipanda wenyewe, kuna waya unaovuta. Pikipiki isiyopita jaribio hili isitoke gereji, hata kama mwenyewe ana haraka. Mafuta yaliyokwama wazi kwenye kona za Kitonga hayasubiri maelezo.

Upande wa umeme una makosa yanayojirudia. Waya wa chanya hutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyowekwa karibu sana na betri, kwa sababu waya usio na fyuzi ukichubuka chini ya tangi huwa njiti ya kiberiti karibu na petroli. Kati ya fyuzi na swichi huwekwa rilei inayoamshwa na waya wa taa ya nyuma au mwingine unaopata umeme funguo ikiwashwa, ili mishikio isiendelee kula betri usiku kucha. Wapo wanaofupisha kazi kwa kuchukua umeme wote kwenye waya wa taa ya mbele. Waya huo haukutengenezwa kubeba mizigo miwili. Waya wa milimita 1 za mraba hutosha. Hasi irudishwe kwenye betri yenyewe, kwani fremu yenye rangi na kutu hupitisha umeme kwa kusitasita. Viungo vichomwe kwa lehemu na kufunikwa mpira wa kusinyaa. Kusokota waya na kuzungushia tepu ni kazi ya wiki chache: mtikisiko hulegeza, maji huingia, shaba hugeuka kijani.

Matumizi mazuri ni kuwasha kiwango cha juu injini ikishashika mwendo, kukiacha dakika tano au zaidi, kisha kuteremsha. Glavu nene kiganjani huzuia joto. Inayofaa ni nene mgongoni na nyembamba kiganjani. Kwa mwenye kisukari au ganzi ya kudumu, kiwango cha juu kwa muda mrefu na mikono mitupu ni hatari, kwani ngozi inaweza kuungua bila maumivu kumwonya.

Ubovu nao hujieleza. Pande zote zikipoa na taa ya swichi imezimika, fyuzi au rilei itazamwe kwanza. Kwenye seti za kubadilisha muungano, upande mmoja ukipata joto kwenye kiwango cha juu huku kiwango cha chini kikiwa hakifanyi kazi kabisa, mshikio mmoja umekatika ndani, na karibu kila mara ni wa mafuta, pale waya unapotokea kwenye mpira. Mkatiko ukiwa nje, mpira wa waya huchunwa kidogo, huchomwa lehemu na kufunikwa upya. Ukiwa ndani hautengenezeki. Seti nyingi za bei nafuu haziuzwi mshikio mmoja mmoja, hivyo hununuliwa jozi nyingine na wa kushoto huwekwa kama spea.